Lumbesa

Jana wamesimika kibao kipya pale kwenye mashine ya kusaga:
MTAA WA MATUMAINI.
Rangi haijakauka. Jogoo wa kina Ambakisye
amekwisha kujipaka buluu ubawani,
anatembea nayo kama mjumbe aliyeshinda kura.

Mimi nimezaliwa Lumbesa.
Kadi yangu ya kliniki inasema Lumbesa
kwa mwandiko wa nesi mwenye haraka,
herufi ya mwisho imepanda juu ya mstari
kama kiazi kilichokosa nafasi.

Kuhusu jina, watakuambia mengi.
Fundi baiskeli anasema lori lilipinduka hapa,
magunia sitini yakaporomoka hadi mtoni
na watu wakala viazi mpaka Pasaka.
Lori lilipinduka kweli.
Lilikuwa la saruji.

Mama yangu alikuwa mshonaji,
si wa nguo, wa vichwa vya magunia.
Gunia likijaa hadi mdomoni mnunuzi husema, "Bado,"
na hapo ndipo alipoitwa Tusekile.
Alikuja na sindano ndefu kuliko kiganja,
akafuma wavu wa kamba juu ya mdomo,
akapanga viazi kimoja kimoja, taratibu,
kama anayejenga ukuta wa nyumba yake mwenyewe,
akavuta, akakaza, akauma kamba kwa meno.
Gunia likasimama na kilemba.

Madebe sita yamelipiwa.
Mawili yameondoka hivihivi.
Na mwenye shamba, aliyeshuka nayo usiku kutoka Umalila,
vidole vimekufa kwa baridi ya Julai,
anahesabu noti, anazihesabu tena,
kana kwamba kosa liko kwenye noti.

Nikamuuliza siku moja, Mama, huoni haya?
Akasema, "Nisiposhona mimi, sindano ziko nyingi."
Tukamenya viazi. Maji yakachemka.
Kisha, bila kuniangalia:
"Hata la baba yangu nimelishona."

Mwaka uliofuata akaja bwana mpima Hyera
na vigingi, na kijana wa kumbebea mwavuli,
na ramani yenye viwanja themanini.
Akakuta nyumba mia mbili na kitu
zimeparamia mteremko chini ya Loleza,
jiko la huyu limeegemea choo cha yule,
bati juu ya bati, mlango unaofungukia kitandani kwa jirani.
Akahesabu mpaka ukungu ukamfuta miwani.
"Hiki si kitongoji," akasema. "Hii ni lumbesa."

Watu walicheka. Walicheka sana, wengine wakakaa chini.
Mama hakucheka.
Alikuwa na sindano mkononi, akaielekeza kwenye daftari:
"Basi andika hivyohivyo."
Naye akaandika, kwa penseli,
na haikupatikana siku ya kufuta.

Leo afisa anasema jina linatia aibu,
kipimo hicho kimekatazwa, kuna mizani, kuna faini.
Sawa. Mizani ninaiona.
Na malori ninayaona, saa nane za usiku,
yanapita na vilemba vyao kuelekea Dar.
Sisi ndio yale madebe mawili, bwana afisa:
tuko juu ya mdomo wa mji,
tumekazwa kwa kamba, hatumo kwenye bei,
na ukikata uzi mmoja utatuokota hadi mtoni.

Sindano ya mama sasa inashikilia pazia langu.
Nimejaribu kuinyoosha, imegoma.
Ilipindia kwenye gunia gani, sikuwahi kumuuliza.

Jioni nilimwambia kijana wa bodaboda, kwa adabu,
nipeleke Matumaini.
Akazima pikipiki.
"Dada, huko ni wapi?"
Nikamwambia.
"Aa," akasema, akapangusa siti kwa mkono wa koti,
"si ungesema tu."